Viatu vya Kisigino Kwenye Njia ya Walinzi

Mama alivaa viatu vya kisigino makusudi. Njia ilikuwa ya mawe matupu, imeshikilia ukingo wa jabali juu ya bahari, na karatasi aliyopewa alipolipia matembezi ya kundi ilisema wazi: vaeni raba. Yeye akatoa kabatini vile vyekundu vya harusini. Akachelewa nusu saa, tena makusudi, akaja akichechemea hata kabla ya kuumia.

Siku hiyo alikuwa na kazi moja tu. Binti yake wa pekee, muuguzi katika mji wa mbali, alikuwa amependana na mwongozaji wa njia hii, na sasa walingoja neno moja la mama: ndiyo au hapana. Picha ya huyo bwana ilipotumwa, mama aliifuta bila kuitazama.

"Picha haitoki jasho," alisema. "Nitakwenda mwenyewe nikamwone akitoka jasho. Na ole wako umwambie nakuja!"

Alipofika, kundi lilikuwa limeshaondoka. Mbele kabisa alitangulia bwana mmoja mrefu, fimbo mkononi, kifua mbele, anatembea utadhani bahari yote ni ya baba yake. Nyuma yake walifuatana watu sita. Wa mwisho, kijana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, alikuwa amesimama tu kando ya njia.

"Shikamoo, mama. Karibu. Twende taratibu."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekuacha?"

"Hawajafika mbali."

Mama akamkazia macho yule mrefu kule mbele. Haya, bwana mkwe, mtihani umeanza.

"Uwiii! Mguu wangu!" akapiga kelele, akajibwaga juu ya jiwe.

Yule mrefu hata shingo hakugeuza. Kijana wa nyuma ndiye aliyechuchumaa, akafungua begi, akatoa maji, bendeji na kandambili. Kandambili zikamtosha sawasawa. Mama alishangaa, maana ni nani huyo anayetembea na kandambili za watu wengine? Lakini alipumua kwa raha, vidole vikapata uhai. Huyu kalelewa, akasema moyoni.

Mtihani wa pili ulikuwa wa elimu.

"Wewe uliye mbele! Njia hii aliichonga nani?"

"Majitu ya zamani!" yule mrefu akajibu, akacheka mwenyewe, akaendelea na safari.

Mama akasonya. Msonyo ulikuwa mrefu, ukafika kwa watu watatu.

"Si majitu, mama," kijana akasema taratibu. "Ni walinzi wa forodha. Watu walikuwa wanaficha chumvi ya magendo kule chini mapangoni, ndiyo maana njia inafuata kila kona ya jabali. Mlinzi alilazimika kuchungulia kila shimo. Mkewe alimletea uji hapo kwenye lile jiwe bapa, akamwuliza, 'Umekamata nani leo?' Naye kila siku anajibu, 'Mafua ndiyo yamenikamata mimi.'"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa, mtu akikuchekesha hivyo, siri inakaaje tumboni? Akamshika kijana mkono.

"Nikwambie kitu? Mimi sikuja kutembea. Huyo mwongozaji anataka kumwoa mwanangu. Nimekuja kumpima."

Kijana akajikwaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama, basi kuna jambo ni vizuri ulijue..."

"Nyamaza! Usimtetee. Nyinyi wanaume mna chama chenu."

"Lakini mama..."

"Nimesema nyamaza!"

Kijana akainama kukaza kamba za begi. Masikio yake yalikuwa yamewiva kama nyanya.

Wakafika kwenye ngazi za mawe zilizolowa maji ya mawimbi. Yule mrefu alizishuka mbili mbili, huyoo, kaenda zake. Kijana akashuka kinyumenyume mbele ya mama, akampa bega ashike.

"Ya nne inateleza. Ya tano iruke kabisa, imelegea."

"Na wewe kwa nini hutangulii siku moja?" mama akamtania. "Kijana mzima, mkia kila mahali!"

"Huku nyuma ndiko kwenye kazi, mama."

Mama akacheka tena. Lakini walipofika mwisho wa njia, kicheko kilimwisha. Alikaa kwenye ukuta mfupi, akaitazama simu yake, akamkumbuka binti yake anavyosubiri, na roho ikamuuma kwelikweli.

"Nimeamua," alisema. "Yule mwenye fimbo simpi mwanangu. Mtu ambaye hageuki nyuma mzee akilia, mke akiugua atageuka? Binti yangu atalia, na mimi nitalia naye, lakini simpi." Akafuta pua. "Ingekuwa ni amri yangu, ningekupa wewe. Mungu ananiona. Ningekupa leo hii hii, bila hata barua."

Kijana akamgeukia. "Kweli, mama?"

"Mimi huwa sisemi mara mbili."

Hapo yule mrefu akawajia, jasho linamchuruzika, meno yote nje. Akaukamata mkono wa kijana kwa mikono yake miwili, akautikisa kama anapampu maji.

"Mwongozaji, asante sana kwa kuniacha nitangulie! Sijawahi kupanda hata kilima. Mke wangu hataamini!"

Akaenda zake kutafuta kivuli. Mama akazitazama kandambili miguuni mwake. Kijana akalitua begi chini, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Sasa, mama," akasema, "wazee wangu waje lini?"