Usiondoke Hapo, Mzee

"Limeibwa! Gari langu limeibwa, na mjukuu wangu yumo ndani!"

Kahonzi aliweka kikombe chake cha chai bila kuangalia anakiweka wapi. Ofisi yao, ghorofa moja juu ya duka la magodoro mjini Malindi, hufunga vifaa vya kufuatilia magari. Gari likiibwa, wao huliona kwenye kompyuta likitembea kama nukta juu ya ramani, na wanaweza kuizima injini yake wakiwa palepale vitini. Hivyo ndivyo matangazo yanavyosema. Siku nyingi wanaopiga simu ni wake wanaotaka kujua gari la baba watoto limelala wapi. Kesi ya mwizi aliyeondoka na mtoto, Kahonzi hakuwahi kuipata.

"Shikamoo, mzee. Jina lako nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi Taib. Na wewe waitwa nani?"

"Kahonzi. Niambie ilivyokuwa, polepole."

"Nilishuka kununua mahamri. Huzaifa kalala kiti cha nyuma. Ana miaka minne tu, mwanangu. Kurudi, gari halipo!"

Sauti yake ilikuja kwa mbali, kama ya mtu aliyeiacha simu juu ya meza, na upepo ulikuwa ukivuma.

"Uko wapi sasa?"

"Hapahapa pa siku zote."

"Usiondoke hapo, mzee."

"Nitaondoka na nini, nami gari sina?"

Kahonzi aliandika jina, na gari likatokea. Akamkumbuka Hafswa, binti wa mzee, aliyekuja mwaka jana kukifunga kifaa hicho. Alitaka kuliona gari la babake kwenye simu yake saa yoyote, akiwa kazini Mombasa. Tangu mamake afariki, alisema, yeye hapati usingizi. Kahonzi alimcheka kimoyomoyo: mzee mzima na ndevu zake, anachungwa kama kifaranga. Sasa alimpigia Hafswa kwa simu ya pili. Iliita mpaka ikakatika.

Nukta ya kijani ilikuwa imekwishavuka daraja la Sabaki, ikielekea kaskazini. Kasi themanini. Polisi walimwambia gari lao limetoka, asubiri lirudi.

"Lizime," alisema Lewa, fundi wa ofisi, aliyekuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Kwa kasi hiyo? Na mtoto ndani?"

Lewa mwenyewe ndiye aliyemfundisha: injini ikifa gari likiwa mbioni, usukani hukaza na breki huwa nzito, na barabara ile ndiyo ya malori ya chumvi yatokayo Marereni. Basi wakakaa wakiitazama ile nukta, watu wazima wawili wenye kitufe cha kulisimamisha gari, wasithubutu kukigusa. Kahonzi hakuwahi kujiona mtu bure kama alivyojiona siku ile.

"Mwanangu, wewe waitwa nani?"

"Kahonzi, mzee. Bado niko nawe." Alikwisha kumwambia, lakini mtu akishikwa na hofu kama ile hata jina lake mwenyewe humtoka.

"Kahonzi, nitamwambia nini bibi yake? Kaniambia nisimwache peke yake, hata kidogo. Sasa hivi yuko nyumbani ananingoja."

Nukta ikafika Mambrui. Adhana ya alasiri ikasikika simuni. Kahonzi alitupa macho dirishani; msikiti wa ng'ambo ya barabara ulikuwa bado kimya. Kila msikiti na saa yake, alijiambia, akarudisha macho kwenye ramani.

Mzee alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akivuta pumzi na kuliita jina la mtoto, mara kwa mara. Kahonzi alikuwa na mtoto wa umri huohuo, amemwacha kwao Vitengeni. Alimchukia mwizi yule kwa moyo wake wote. Alimwona kabisa: kijana mwenye kofia, anatazama kwenye kioo na kugundua kwamba hayuko peke yake garini. Atamfanya nini mtoto wa watu?

"Vumilia, mzee. Tunaliona."

"Mwaliona? Liko wapi?"

"Linakaribia Gongoni."

"Gongoni! Wamtaka nini mtoto wangu huko Gongoni?"

Lewa aliinama mpaka uso wake ukakaribia kugusa kompyuta. "Pale mbele kuna matuta," alisema. "Atapunguza tu, mwizi au si mwizi. Hapo ndipo."

Sabini. Hamsini. Kahonzi aliweka kidole juu ya kitufe. Thelathini. Kumi na tano.

Akabonyeza.

Nukta ikawa nyekundu, ikasimama. Ndani ya simu, upepo nao ukakatika.

"Limesimama, mzee! Limesimama!" Kahonzi alikuwa analia bila kujijua, na Lewa alikuwa akimpigapiga bega.

Simuni ikasikika honi ya lori, ndefu, ikaja karibu kabisa na kupita. Kisha ikasikika sauti ya mtoto aliyetoka usingizini.

"Babu, mbona gari limezima?"

"Huzaifa!" Mzee Taib alipiga ukelele wa furaha. "Huzaifa wangu! Nani kakurudisha?"