Swali la Kanga

Wanyama nao waliwahi kushikwa na hamu ya mambo makubwa. Batamzinga akafungua darasa la falsafa kwa wanaoanza, akawapokea Kondoo, Bata, Kanga na Fisi. Siku ya kwanza aliwafundisha kwamba swali zito halijibiwi haraka, huzungukwa kwanza.

Asubuhi ya pili aliita majina. Kondoo hakuitika.

Fisi akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akiwapo jana na leo hayupo, tuna hakika gani kwamba alikuwapo?"

Batamzinga alitunisha manyoya kwa furaha. "Mmesikia? Huyo ndiye mwanafunzi!" Wakalizunguka swali hilo kutwa nzima.

Asubuhi ya tatu Bata naye hakuitika. Fisi akauliza kama kutokuwapo nako si namna ya kuwapo. Batamzinga akampa alama zote.

Uvumilivu ukamwishia Kanga. "Wewe Fisi, jana ulikula nini?"

"Toka nje!" Batamzinga alifoka. "Mambo ya tumbo kayaulize sokoni. Hilo si swali la kifalsafa."

Kanga alitoka mbio, wala hakugeuka nyuma.

Darasani wakabaki wawili. Fisi aliinuka taratibu, akaenda kufunga mlango. Batamzinga alitazama viti vitupu, na manyoya yote yakamlala.

"Fisi mwanangu," alisema kwa sauti nyembamba, "hivi jana... ulikula nini?"

Fisi alijilamba midomo. "Mwalimu, si umesema mwenyewe kwamba hilo si swali la kifalsafa?"