Mtu wa Pikipiki

Pikipiki nyekundu ilikuwa bado kwenye kioo.

Mkunga, juu ya pikipiki yake mwenyewe, aliiona mara ya kwanza alipolipita soko, akadhani ni mpita njia tu. Alipoiacha lami na kushika barabara ya mlimani, nayo ikaiacha lami. Alipopunguza mwendo, nayo ikapunguza. Aliyeiendesha alivaa kofia ngumu yenye kioo cheusi na koti zito lililofungwa hadi shingoni, na jua lote lile.

Angesimama amuulize anataka nini. Lakini kusimama ndiko alikokuogopa kuliko kitu chochote.

Kusimama maana yake ni kushusha mguu wa kushoto. Na goti la mguu ule ndilo lililopasuliwa na madaktari, baada ya pikipiki kumlalia kwenye matope na kulikata kano. Tangu hapo alitembea kwa magongo mawili, kisha kwa gongo moja, kisha kwa ubishi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemwonya: "Goti linapona, ila kichwa chako kinalitangulia. Zunguka uwanjani kwanza. Milima baadaye."

Milima haikutaka kungoja. Asubuhi ile mama mmoja alimpigia simu kutoka ng'ambo ya kilima, sauti ikimkatika. "Mwanangu, chupa ya mkwe wangu imepasuka. Mtoto wa kwanza tulimzika. Huyu tusaidie."

Gari la zahanati lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Mume wa Mkunga, fundi cherehani pale sokoni, alikuwa ameshatoka. Na hata angekuwepo, angesaidia nini? Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kupanda pikipiki hata kwa kupakiwa. "Mungu kanipa miguu miwili," husema, "sina sababu ya kuibadilisha na magurudumu mawili."

Tena siku hizi alikuwa haeleweki. Alichelewa kurudi. Siku moja alirudi viganja vimechubuka, akasema amejikwaa. Na juzi Mkunga alimsikia nyuma ya nyumba akinong'ona kwenye simu: "Nimeshapata mtu wa pikipiki. Mpole, hana haraka. Ila mke wangu asijue."

Kumbe anaiuza! Pikipiki ya Mkunga ndiyo iliyomfikisha kwa kina mama wote wa milimani, na mtu anataka kuiuza kama cherehani mbovu. Kwa hiyo asubuhi ile alichukua ufunguo wa akiba bila kumuaga yeyote. Pikipiki iliyokaa chini ya turubai muda wote ule iliwaka kwa kiki ya kwanza. Angeshangaa, lakini nafasi ya kushangaa hakuwa nayo.

Sasa alitazama kioo tena. Ile nyekundu imesogea.

Ni barabara hii hii ambako mwalimu mmoja alinyang'anywa pikipiki na mtu aliyemfuata tangu sokoni. Walimkuta mtaroni, meno hana.

Mkunga aliongeza moto. Kilima kikaanza. Kila alipobadili gia ilibidi aingize ncha ya kiatu chini ya pedali na kuinua, na kila alipoinua, maumivu yalipanda kutoka gotini hadi nyongani. Jasho likamwingia machoni.

"Usinitupe," alilinong'oneza goti. "Nitupe kesho."

Nyuma yake pikipiki nyekundu ikanguruma, injini ikipiga mayowe kana kwamba mwenyewe hajali hata ikiungua. Ilikuwa inamkaribia.

Kona ilitokea ghafla, imejaa changarawe. Tairi la nyuma likateleza, pikipiki ikainama kushoto, na mguu ukashuka wenyewe kabla hajauruhusu. Ukakita. Uzito wote ukauegemea. Goti likatetemeka, likazidi kutetemeka, Mkunga amefumba macho akingoja ule mlio anaoujua.

Goti likashika.

Alikuwa hajamaliza kushusha pumzi aliposikia kishindo nyuma yake. Kisha kimya.

Aligeuka. Pikipiki nyekundu ilikuwa imelala ubavu pembeni ya barabara, gurudumu likizunguka hewani. Mwenyewe alikuwa chali, hajitikisi.

Mbele kulikuwa na mzazi. Nyuma kulikuwa na mwizi. Njia ilikuwa nyeupe, na hakuna ambaye angemlaumu. Mkunga alitia gia. Akaitoa. Akatia tena.

"Mwizi naye alizaliwa na mtu," alisema kwa hasira, akazima injini.

Aliteremka akichechemea, mkono mmoja ameshika mkoba wa kazi, mkono wa pili jiwe. Alisimama hatua chache kutoka pale alipolala yule mtu.

"Unanisikia?"

Kofia ilitikisika kidogo.

"Nimekuja kukutazama kama umevunjika. Ukiinuka kabla sijakuambia, nakupasua. Mikono juu!"

Mikono ikapanda taratibu. Mmoja ukashuka, ukahangaika na kioo cheusi, ukakiinua.

Jiwe likamponyoka Mkunga.

"Nenda, mke wangu, mzazi anakungoja," alisema fundi cherehani, akitema mchanga. "Mimi mzima. Ila kona, mwalimu wangu wa pikipiki amesema tutaanza wiki ijayo."