Picha Saba za Nyegere

Nyanchoka alijimwagia kopo la mwisho la maji, akanyoosha mkono kufungua mlango wa bafu, mara akaurudisha. Katika tundu la msumari kwenye mabati alimwona Gibson, mume wa bintiye, amechuchumaa penye migomba hatua kumi tu, jembe mapajani, simu ameielekeza chini usawa wa nyasi.

Picha tena. Tangu nyegere, mnyama mdogo lakini mkali, aanze kuja jioni kuchakura shimo la takataka kando ya bafu, mwanamume huyo hakuwa na habari nyingine. Walimu wenzake walitumiwa nyegere, kwaya ikatumiwa nyegere, hata mchungaji.

Nyanchoka alijitazama. Leso moja, tena imelowa. Mama mkwe akionwa hivyo na mkwewe wa kiume si jambo la kucheka: wazee wangeketi, mbuzi angechinjwa, naye angerudi kwake Masimba asikanyage tena boma hili. Na mjukuu wake wa kwanza alikuwa wa kuzaliwa mwezi huu huu.

Akakalia ndoo. Hata kuita hakuthubutu. Sauti yake tu kutoka bafuni ilikuwa aibu ya nusu mbuzi.

Gibson alipiga picha, akabofyabofya simu, akapiga nyingine. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Mpiga picha gani huyu, Nyanchoka aliwaza, anakohoa kama trekta halafu anataka mnyama atulie?

Kisha akamwona akirusha donge la udongo. Bila shaka alitaka nyegere ageuze uso, apendeze.

Mahali fulani kitu kilikuwa kinatafunwa polepole. Mwenzangu anakula, alisema moyoni, mimi narowekwa humu kama maharagwe.

Jua likateremka nyuma ya majani chai. Meno yakaanza kugongana. Aliupima ukuta wa nyuma kwa macho, akapima na magoti yake ya miaka sitini na minane, akakaa tena.

Ndipo sufuria ikagongwa kwa mwiko, kelele za kuamsha kijiji. Kitu kikakurupuka kwenye nyasi. Gibson akainuka, akaelekea nyumbani bila kugeuka.

"Mama, toka sasa."

Nyanchoka alitoka na maneno yake tayari. "Mume wako na mnyama wake, Beverlyne. Saa nzima amenifungia kama kuku, hata hajui kuna mtu. Na ndala yangu moja iko wapi?"

Beverlyne alimsogelea. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo lake kubwa. Kwa ule mwingine akamnyooshea simu. "Nilikuwa sokoni Nyaramba, Mama. Nimeziona nikishuka kwa boda."

Zilikuwa picha saba. Katika zote saba nyegere amejilaza mlangoni pa bafu, ndala mdomoni. Na chini ya kila picha Gibson ameandika maneno yale yale: "Mama yuko ndani, na mimi siwezi kumwita. Njoo."