Petroli ya Marehemu

Fundi Kombo alivuta kamba ya pampu mara ya kumi, akakaa chini akihema. Nyuma yake nyanya za Bi Siwatu zilikuwa zimelegea majani. Siku mbili zaidi bila maji, basi tena.

"Shangazi, plagi nzima, kabureta nimeisafisha. Petroli hii imo humu tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Aliitia marehemu mwenyewe, wiki ile aliyoanguka."

Kombo alifungua tangi, akanusa. "Imechacha."

"Wewe nawe! Kwani maharage hayo?"

"Nusa mwenyewe."

Bi Siwatu akainama. Harufu aliijua, ile kali iliyokuwa ikibaki kwenye vidole vya mumewe hata akinawa kwa sabuni. Hii haikuwa hiyo. Hii ilinuka kama rangi ya ukutani iliyosahauliwa koponi. Na yeye mwaka mzima alibeba ndoo kichwani ili asiimalize petroli hiyo, mpaka juzi goti lilipokataa.

"Nimwage? Nimekuja na mpya."

"Subiri kwanza."

Akaweka kiganja juu ya mdomo wa tangi, akakaa hivyo kitambo. Kisha akakiondoa.

"Mwaga. Lakini kule mbali, usiniunguzie nyanya."

Kombo alimwaga, akatia mpya, akavuta. Pampu ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikanguruma. Mpira wa maji uliolala bapa mwaka mzima ukaanza kuvimba polepole, ukielekea kwenye nyanya.