Kanga Kwenye Kitasa

Mlango ulilia kwanza, kisha zikasikika pumzi za Shaame. Alishika ncha mbili za kanga ya marehemu mama yake, iliyofungwa kwenye kitasa, miguu karibu na kizingiti, mwili ameuachia nyuma. Akajivuta polepole mpaka kifua kikakaribia mbao, akajirudisha; ndiyo mazoezi yake.

"Utaung'oa huo mlango," baba yake alisema kitandani, sauti nyembamba. "Fundi saa na mgongo wa mpagazi, wa nini?"

Walipomzika mama, Shaame aliingia kaburini kumpokea, mikono ikamlegea. Jirani ndiye aliyemlaza.

Baba akautazama mkono wake mwenyewe, uliobaki mfupa. "Mimi sitakuwa mzito, mwanangu."

Kanga ikakaza tena.

"Nitakupokea mimi, baba. Nitakulaza mimi mwenyewe."