Beseni la Profesa

Siku hiyo mjinga alikuwa kinyozi, na mpaka leo hakatai. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea wateja, suruali imekunjwa magotini, miguu imezama kwenye beseni la umeme la kutoa sumu mwilini, anashangilia uchafu.

"Ona! Ona rangi hiyo!" alimwambia mkewe. Maji yaliyoingia safi yalikuwa yamegeuka kahawia, povu chafu likielea juu. "Hayo yote yalikuwa ndani yangu."

"Ungekuwa na matope kiasi hicho ndani, tungekulima," mke akajibu.

Mwenye beseni alisimama kando, koti jeupe, kalamu mfukoni. Watu walimwita Profesa. Jina alijipa mwenyewe na hakuna aliyepata nafasi ya kumpokonya. Alikuwa amekodi kona pale kwa kinyozi, chini ya kioo kilichopasuka, na kila aliyekuja kunyolewa nywele aliondoka na habari mbaya za ini lake.

"Mama, hata gari hubadilishwa oili," Profesa akasema kwa upole. "Sembuse binadamu?"

"Gari haliendi chooni, Profesa. Mwili una ini, una figo, na sijasikia vikiomba likizo."

"Na usingizi wangu je?" kinyozi akajitetea. "Tangu nianze, nalala kama gogo."

"Miguu kwenye maji ya moto, simu umezima, mdomo umefunga. Nani asingelala? Hilo sikatai, hata karai letu la nyumbani linaweza. Ninachokataa ni hiki." Akatoa kwenye mfuko wa gauni pakiti ya vidonge vya presha. Ilikuwa bado imejaa.

Hapo ndipo palipouma. Profesa alisema vidonge navyo ni sumu, kinyozi akaviacha. Tangu hapo masikio yalimvuma, na jana yake kizunguzungu kilimpitia wembe ukiwa mkononi, akamkata mteja sikio.

"Ndiyo sumu hiyo, inaaga," Profesa akaeleza.

"Sumu inaaga, au ni wewe unayetuaga?" mke alimuuliza mumewe.

Mlangoni akaingia mjomba wa mke, kikombe cha chai mkononi, mwendo wa polepole wa mzee asiyedaiwa haraka na mtu. Alikuwa amefika juzi, na kinyozi ndiyo kwanza anamjua. Siku ya harusi yao mzee alikuwa amelazwa. Mgeni mzuri, hana makuu. Kituko chake kimoja tu: asubuhi hiyo kwenye kamba ya nguo palianikwa shati lake, suruali yake, na soksi moja.

"Mjomba wako kaidondosha nyingine safarini?" kinyozi alitania. Mke aliendelea kuanika.

Sasa mke alimtazama Mjomba, akamtazama Profesa, akatabasamu. Kinyozi alilijua lile tabasamu. Alimwoa nalo, na halijawahi kumletea heri.

"Tufanye hivi. Mpime Mjomba. Ukimsoma sawasawa, vidonge hivi nitavitupa chooni kwa mkono wangu."

"Na nikishindwa?" Profesa akacheka.

"Mume wangu anavimeza."

"Nimekubali!" kinyozi akasema, kabla Profesa hajafungua mdomo.

Mzee akakalishwa kitini. "Lazima yote miwili?" akauliza.

"Hata mmoja, mzee wangu. Sumu ya mwili mzima hushukia unyayoni."

"Basi wa kushoto. Ila soksi sivui mbele za watu."

"Mficha maradhi, mzee, kifo humuumbua."

"Kikija nitaivua."

Profesa akabadilisha maji, akatia chumvi, akamimina birika zima la moto. Mvuke ukapanda. Kinyozi alichovya kidole kupima, akaruka, akakinyonya. "Mjomba, ngoja kwanza yapoe!"

Mjomba alikuwa ameshazamisha mguu. Hakukunja hata uso. Alipiga funda la chai, akalalamika kwamba hiyo ndiyo imepoa.

"Mnaona?" Profesa akanong'ona. "Ganzi hiyo. Sumu imeshaua mishipa."

Akawasha mtambo. Maji yakageuka manjano, yakawa kahawia, mwisho meusi kama oili chafu. Wateja waliokuwa wakisubiri wakasogeza benchi. Hata kinyozi alimwonea mzee huruma. Yake hayajawahi kufikia weusi ule.

Profesa akavuta kistuli, akaketi, akainamia beseni.

"Weusi huu ni ini. Mzee, ujanani ulikunywa sana. Povu hili ni mafuta ya moyo. Hivi vinavyoelea ni uchafu wa figo, na huu wekundu pembeni ni kisukari, kiko njiani." Akatikisa kichwa. "Mama, nisamehe, lakini tangu nianze kazi hii sijaona mguu uliobeba maradhi kama huu."

"Una hakika?" mke akauliza.

"Maji hayasemi uongo."

Mjomba akaweka kikombe chini. Akakunja suruali taratibu mpaka juu ya goti, akafungua mkanda mmoja, akafungua wa pili, akavuta. Mguu ukatoka mzima mzima, plastiki tupu, soksi ikichuruzika maji meusi, akaulaza mapajani mwa Profesa kama mtoto mchanga.

Kinyozi alinyoosha mkono kwa mkewe, kiganja wazi, bila kumtazama usoni.

"Mzee..." Profesa akaanza.

"Mgonjwa wako ndiye huyo, daktari," Mjomba akasema, akichukua tena kikombe chake. "Mtibu vizuri. Akipona, mwambie anifuate nyumbani, njia anaijua."